Wimbo Uliofika Mang'ola

Kila alipotoka shule, Naomi aliteka maji, akaosha vyombo vya mama yake, kisha akakimbilia kanisani kwenye mazoezi. Alikuwa darasa la saba, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya watoto pale Karatu mjini. Mwaka ule kwaya ilipata watoto wengine kutoka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu. Wote walitakiwa kuimba pamoja Jumapili ya kumuaga mchungaji, mzee aliyewabatiza karibu wote.

Mang'ola ni mbali, na barabara yake inachosha. Basi Naomi aliurekodi wimbo mpya kwenye kanda, akampa Shaabani, dereva wa lori la vitunguu, awapelekee. Mwisho wa kanda alisema, "Fuateni hivi hivi. Mtu asibadilishe kitu."

Shaabani hakuwa wa kanisa lao, lakini aliifunga kanda ile kwenye leso yake isiingie vumbi. Aliporudi kutoka safari iliyofuata alimwambia Naomi, "Binti, wenzako wana neno wanataka kukuuliza kuhusu wimbo."

"Waambie waimbe tu, anko. Kila kitu kimo kwenye kanda."

Shaabani alimtazama kidogo, akaondoka zake.

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, watoto wa Mang'ola walishuka kwenye lori, nyusi zao nyeupe kwa vumbi. Kiongozi wao alikuwa Hyasinta, msichana mwembamba wa darasa la sita. Hakugusa maji mpaka wadogo wote walipokwisha kunywa.

Mazoezi yakaanza. Watoto wa mjini waliimba kwa kasi na furaha. Wa Mang'ola waliimba taratibu, kwa sauti nzito, kama watu wanaopanda mlima na mizigo kichwani. Wimbo ukakatikia njiani.

"Kwani tuko msibani?" mtoto mmoja wa mjini aliuliza, wenzake wakacheka.

Naomi alikasirika. "Hamkufanya mazoezi nyinyi. Kesho mtakaa kwenye mabenchi, msije mkatuaibisha."

Watoto wa Mang'ola waliinamisha vichwa. Aliye mdogo kuliko wote alianza kulia bila sauti. Mama Bertha, mlezi wa kwaya, alikuwa akimenya viazi mlangoni. Akaweka kisu chini.

"Naomi, mwanangu, umewauliza walijifunzaje?"

Naomi akamgeukia Hyasinta. "Mlijifunzaje?"

"Kwa kanda yako, dada. Betri za redio yetu zilikuwa zimechoka. Kila siku tulizianika juani zipate nguvu kidogo, lakini kanda ilizunguka polepole, sauti yako ikatoka nzito, inajivuta. Tukawa na wasiwasi, tukamtuma anko Shaabani akuulize. Ukasema tuimbe tu. Basi tukaifuata kanda. Hata pale ulipokohoa, na sisi tunakohoa."

Kanisa zima liliangua kicheko, Naomi naye akacheka. Kisha machozi yakamlengalenga.

"Nisameheni," alisema. "Mlinitumia mtu nikamrudisha. Hyasinta, wewe unaonaje? Tufanyeje?"

Hyasinta alifikiri. "Sisi tuimbe ubeti wa kwanza taratibu vilevile, maana mchungaji anatuacha. Nyinyi mpokee kwa furaha yenu. Kukohoa tutaacha."

Walifanya mazoezi mpaka jua likazama. Jumapili, watoto wa Mang'ola walipoanza kwa sauti zao nzito, mchungaji alitoa leso akafuta macho. Watoto wa mjini walipopokea, alisimama akapiga makofi pamoja nao.

Wakati wa chakula, Naomi alimpelekea sahani yule mdogo aliyelia jana, akakaa karibu naye. Mama Bertha alikuja akainama kati yao.

"Uliye naye hapa, uso wake unakuonyesha kama amekwama," alisema. "Aliye mbali humwoni uso. Ukiwa kiongozi wake, muulize, halafu umsubiri akujibu. Ukimtumia amri tu, atakutii hata pale unapokosea, na nyote wawili mtaumia."

Kisha akamwongezea yule mdogo kipande cha nyama.