Mtu wa Kusimama Kando Yangu

Nilivuka kwa feri ya saa saba mchana kwenda kuchagua moja kati ya droni alizoacha marehemu Torleiv. Ni Novemba, na huku kaskazini mwa Norwei jua lilikuwa limeshaanza kuaga.

Aslaug, mjane wake, alizipanga mbili juu ya meza ya jikoni. Moja ya kamera, tulivu, inaelea yenyewe huku unaitazama kwenye simu. Ya pili ndogo, ya miwani. Ukiivaa huoni kitu kingine ila kile droni inachokiona, kana kwamba wewe ndiye unayeruka.

"Chukua ya kamera, Sigve," alisema. "Hiyo nyingine, miwani yake ndiyo Torleiv alikuwa ameivaa siku aliyozama."

"Nijaribu tu. Ila nahitaji mwangalizi. Kanuni inasema anayevaa miwani lazima awe na mtu kando yake."

"Nyie watu wa mjini! Hata kupiga chafya mnaomba kibali."

"Nilifaulu mtihani, Aslaug. Maswali arobaini."

"Haya, afisa. Tangulia, naja."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, nikavaa miwani. Nikasikia hatua kwenye changarawe.

"Uko tayari kusimama kando yangu?" nikauliza, kama kanuni inavyotaka.

"Niko..."

Mkono ukatua begani. Ulinuka mwani uliooza.

Nikairusha droni. Mapanga yakavuma, paa likabaki chini. Nikaigeuza kuitazama nyumba. Dirisha la jikoni lilikuwa na mwanga, na ndani yake Aslaug alikuwa anamimina kahawa.

Mkono ulikuwa bado begani.

"Wewe nani?"

"Mwangalizi," sauti ikanong'ona. "Uliniomba."

Nikashusha droni nikitafute kiti changu. Nikakiona.

Kilikuwa kitupu.

Nilikuwa nakihisi chini yangu, plastiki baridi ikinigusa mapaja. Lakini kule chini, mtu mwenye koti langu alikuwa anatembea juu ya miamba, magoti yamekunjika kama aliyeketi, anaelekea baharini. Kando yake hapakuwa na mtu.

Nikataka kuvua miwani. Mikono ikagoma. Vidole gumba tu ndivyo vilivyonitii, navyo vilikuwa kwenye rimoti.

Hatua kumi kufika ukingoni... Nane...

"Vizuri," ikanong'ona. "Mbele ni salama."

Kanuni inakataza kabisa kurusha droni kuelekea mtu. Nikaielekeza kwangu. Nikaona koti, kidevu, uso usio na macho ukikua...

Giza.

Nilianguka chali, shavu limepasuka, maji yakilamba soli za buti. Aslaug alinivuta kwa kola hadi jikoni, akafunga mlango.

"Uliuliza kwa sauti?" alinong'ona.

"Niliuliza. Nilidhani ni wewe."

Akakaa chini. "Torleiv aliruka peke yake miaka minne. Kisha ikaja barua ya onyo kutoka mamlaka ya anga, kwamba asiruke bila mwangalizi. Jioni ile nikamsikia nje anaomba mwangalizi. Nami nikadhani ananiita mimi. Nilipofika..."

Leo ni siku ya tatu. Feri imekuja na kuondoka mara sita. Kila nikitoka mlangoni, miguu inageuka yenyewe kuelekea miamba, na Aslaug ananirudisha kwa kamba aliyonifunga kiunoni.

Nimejaza fomu ya ajali kwenye simu, maana jeraha lazima liripotiwe. Nimeandika kwamba nataka kuletewa boti na watu wenye nguvu. Fomu inakataa kutumwa. Imebaki nafasi moja yenye alama nyekundu, haikubali kuachwa wazi: jina kamili la mwangalizi.

"Andika langu," Aslaug akasema. Nimeliandika mara nne. Linafutika.

Nje, chini ya dirisha, mtu ameanza kunitajia lake.

Taratibu. Herufi moja moja...

Na kidole changu kinaandika.