Kofia Iliyoning'inia kwenye Usukani

Jumanne ile baba aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1993, msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho. Salfa hupulizwa mapema, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa bado na umande. Nilimsikia akisukuma pikipiki hadi barabarani ili asituamshe, kisha akaiwasha hukohuko. Niliporudi kutoka shuleni mchana nilimkuta amelala kitandani, na hatukuzungumza tena.

Baba yangu, Leodgar, alikuwa bwana shamba. Kwao ni Mbinga, lakini kazi ilimleta kijijini kwetu Mchukwi kabla sijazaliwa. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao kununua korosho, na watu waliokuwa wameiacha mikorosho imezwe na vichaka wakaanza kuisafisha upya. Baba akapewa pikipiki nyekundu ya kuzungukia vitongojini. Alipewa pia kofia ngumu nyeupe, yenye mkanda wa kufunga chini ya kidevu.

Kofia hiyo ilimletea maneno. Kwetu mtu hampiti mzee bila kumwamkia. Baba alilijua hilo, na akienda kwa miguu angeweza kutumia saa nzima kutoka nyumbani hadi dukani kwa sababu ya salamu. Lakini akiwa juu ya pikipiki, masikio yamefunikwa na uso hauonekani vizuri, alikuwa hasikii anapoitwa.

Siku moja wakati wa mapumziko, Sihaba, niliyekuwa nakaa naye dawati moja darasa la tano, alinijia mbele ya wenzetu.

"Marsela, baba yako siku hizi ana maringo! Babu yangu kasimama njiani, kampungia mkono, yeye huyo, vuu! Kapita na chungu chake kichwani."

"Si chungu, ni kofia," nilisema.

"Chungu! Labda humo anachemsha akili," alidakia mvulana mmoja, na wote wakacheka hadi kengele ilipolia.

Jioni nilimkuta baba akisafisha plagi ya pikipiki. Nikamwambia yote, nikilia.

"Babu yake Sihaba? Mzee Dadi wa Mikwajuni? Lini nimempita?" aliuliza.

"Sijui. Lakini wananicheka, baba. Ukifika kwenye nyumba za watu uwe unaivua basi."

Baba aliiweka plagi chini. "Kumbe nimemkosea mzee wa watu. Haya, mama, usilie. Nitakuwa naivua."

Tangu siku hiyo, akifika penye nyumba za kwanza za kitongoji, aliivua kofia na kuining'iniza kwenye usukani. Watu wakafurahi. Sihaba naye akaacha kunitania.

Yaliyotokea Jumanne ile niliyajua baadaye, kidogo kidogo. Baba alipofika kitongoji cha Mikwajuni, kofia ikiwa kwenye usukani, alikuwa anakwenda polepole sana, kwa sababu pale njia ni ya mchanga mtupu. Aliachia mkono mmoja ili ampungie mtu. Gurudumu la mbele likateleza, akaanguka, na kichwa kikagonga mzizi wa mkorosho. Hakukuwa na damu. Alisimama, akajipangusa, akacheka pamoja na waliomkimbilia. Akawaonyesha watu namna ya kupuliza salfa mpaka jua lilipochomoza vizuri, ndipo akarudi nyumbani.

Mama yangu, Elinipendo, alikuwa mwalimu katika shule yetu. Saa nne alikwenda nyumbani mara moja, akamkuta baba amejilaza. Baba alimwambia kichwa kinamuuma, kisha akatapika. Mama akafikiri ni malaria. Akampa dawa, akamwacha alale. Tuliporudi saa nane mchana baba alikuwa anakoroma kwa sauti nzito, na hata tulipomtikisa hakufumbua macho.

Majirani walimbeba hadi hospitali ya misheni. Daktari alimpokea papo hapo. Alisema damu imevuja ndani ya fuvu na ubongo umebanwa, hivyo apelekwe Dar es Salaam haraka. Gari lilipatikana, lakini baba alikata roho kabla halijawashwa.

Mikwajuni watu walisema Bwana Leodgar kafa kwa homa. Walikuwa wamemwona kwa macho yao akianguka, akasimama, akacheka. Nani angefikiri kwamba aliumia pale?

Mimi nilifikiri. Nilijua ni nani aliyemwambia avue kofia. Sikumwambia mtu yeyote. Niliogopa kwamba mama akijua hataniita tena mwanangu.

Mwaka uliofuata, msimu wa salfa ulipokaribia, alikuja bwana shamba mwingine. Alikuwa kijana mcheshi aitwaye Benedict, na alipewa pikipiki ileile nyekundu na kofia mpya.

Jumamosi moja nilikuwa kwao Sihaba, Mikwajuni, tukichambua mchele barazani. Babu yake, Mzee Dadi, alikuwa kando akichonga mpini wa jembe. Benedict akapita na pikipiki. Mzee Dadi akamwita kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu kijana akasikia, akasimama.

"We bwana mdogo! Tunakusalimia wewe au tunasalimia hicho chungu?" alisema Mzee Dadi.

"Shikamoo, babu. Samahani, sikusikia."

"Marahaba. Utasikiaje humo ndani? Muulize huyu binti. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa na adabu. Akifika hapa, kofia anaivua, tunamwona uso."

Benedict akacheka. "Basi nami nitafuata nyayo, babu." Akaivua kofia, akaining'iniza kwenye usukani, akaondoka huku akipunga mkono. Gurudumu la mbele lilicheza kwenye mchanga, likayumba, kisha likakaa sawa.

Ungo ulinitoka mikononi. Mchele wote ukamwagika.

"Una nini wewe?" Sihaba aliuliza.

Sikumjibu. Nilikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa anasahihisha madaftari. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mama, ni mimi niliyemwambia baba avue kofia. Na sasa Bwana Benedict naye kavua."

Kisha nikamweleza kila kitu. Mama aliweka kalamu chini.

"Umekaa na hili mwaka mzima peke yako?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Njoo ukae hapa. Sikiliza, Marsela. Mimi nilimwona akitapika, nikamfunika shuka nikarudi darasani. Na mimi nimekaa na langu mwaka mzima. Tungeambiana, tungesaidiana kubeba." Alinifuta machozi kwa upande wa khanga yake. "Wewe ulikuwa mtoto uliyechekwa. Baba yako alikuwa mtu mzima na aliamua mwenyewe. Hukumuua. Lakini umefanya vizuri kusema leo, maana huyu kijana bado tunaye."

Kesho yake, baada ya ibada, tulikwenda Mikwajuni. Mzee Dadi alitukaribisha kwenye mkeka. Mama alimwamkia, kisha akamweleza aliyoambiwa na daktari. Mzee Dadi alitikisa kichwa.

"Mwalimu, mimi nilikuwepo. Hakutoka hata tone la damu."

"Baba," mama alimjibu, "papai likianguka kutoka mtini, mara nyingine ganda halipasuki. Ukilikata ndiyo unaona limevunjika ndani. Ubongo ni laini hivyohivyo. Ukitikiswa, mshipa unaweza kupasuka ndani, na damu haina pa kutokea. Mtu anasimama, anacheka, anatembea. Baadaye kichwa kinauma, anatapika, anasinzia. Wengi hufikiri ni malaria, kama mimi. Kofia ile ndiyo ingepokea pigo badala ya kichwa."

Mzee Dadi alitazama mikono yake. "Mkono ule alinipungia mimi," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale."

Sihaba alikuja akakaa karibu nami, akanishika mkono.

"Sikuja kukulaumu, baba," mama alisema. "Nimekuja kwa ajili ya Benedict. Sisi tukimwambia avae, na ninyi mkimwambia avue, atawasikiliza ninyi, kwa sababu anataka mumpende."

Jumanne watu walipokusanyika kwa ajili ya salfa, Mzee Dadi alisimama mbele yao wote, Benedict akiwepo. Alikiri kwamba alikosea, akaeleza namna marehemu alivyokufa. Kisha akasema, "Mwenye kuendesha avae kofia yake na afunge mkanda. Asiachie usukani kwa ajili yangu wala ya mtu mwingine. Salamu haiozi. Azime pikipiki kwanza, ndipo tuamkiane."

"Na mtu akianguka?" aliuliza mwanamke mmoja.

Mama ndiye aliyejibu. "Akigonga kichwa, hata kama amesimama na anacheka, msimwache alale peke yake. Kichwa kikimuuma sana, akitapika au akianza kusinzia, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Msingoje aamke. Na wewe uliye mtoto, ukiwa na jambo zito moyoni, mwambie mtu mzima. Ukimya hauponyi."

Benedict aliichukua kofia kutoka kwenye usukani, akaivaa, akafunga mkanda.

Sasa niko kidato cha tatu. Benedict bado ni bwana shamba wetu. Kila msimu wa salfa yeye hupita mbele ya nyumba yetu kabla hakujapambazuka. Mama huisikia pikipiki, hutega sikio mpaka sauti iishe, halafu huniamsha niende shule.