Shuka la Mistari

Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, kengele ya mapumziko haikulia. Ilipofika saa nne na dakika saba, nesi wa shule alitoka chumba cha wagonjwa kwenda kumtafuta mpiga kengele, maana msichana yule hakuwahi kuchelewa hata dakika moja. Ndiyo sababu shule nzima ilimwita Kengele. Alimkuta amejifungia chooni.

"Mwanangu, fungua."

"Wameniona, Nesi. Wote wameniona."

Mlango ulipofunguliwa, binti alikuwa ameing'ang'ania kofia yake ya sufu kwa mikono miwili. Nywele zake zilikuwa zikinyonyoka mafungu mafungu kwa maradhi, na mkuu wa shule alimruhusu kuvaa kofia kutwa. Aliivua mahali pamoja tu, kitandani kwa Nesi, akipakwa dawa. Jana jioni picha ya kichwa chake kitupu iliingia kwenye kundi la darasa la simuni, mtumaji hana jina, chini yake imeandikwa: "Kuku wa kunyonyolewa." Asubuhi alipoingia darasani walimpokea kwa kuwika kama majogoo. Watoto wana roho mbaya jamani, tusidanganyane.

Saa nne na nusu Nesi alisimama mbele ya mkuu wa shule.

"Baba yake anakuja saa nane kumchukua," mkuu alisema. "Anasema mtoto harudi tena hapa. Mtihani wa mwisho umebaki wiki tatu! Na tusifichane, Nesi. Hicho kitanda ni chako."

Simu za wanafunzi hubaki getini kwa mlinzi hadi jioni. Mwenye simu katika chumba cha wagonjwa alikuwa Nesi peke yake.

Alianza na kiranja wa darasa, kijana waliyemwita Chifu, aliyecheka kundini kabla ya wote.

"Picha uliipiga wewe?"

"Nilicheka tu. Kwako nimekuja lini? Si uangalie daftari lako la wagonjwa?"

Nesi alitamani kumzaba kofi. Lakini daftari lilimuunga mkono. Muhula mzima hakuwa ameugua hata mafua.

Akaomba simu ya mkuu, aliyetumiwa picha hiyo na baba wa Kengele, akaitazama upya. Safari hii hakutazama kichwa, alitazama kitanda. Shuka lilikuwa na mistari ya buluu. Mashuka yote ya chumba cha wagonjwa ni meupe! Hilo la mistari alilileta kutoka nyumbani kwake Jumatano asubuhi, meupe yakiwa bado mabichi kwenye kamba, na saa sita mchana akalitoa. Kwa hiyo picha ilipigwa jana, kabla ya saa sita.

Alifunua daftari. Jumatano, saa tatu na nusu: Kengele, kupaka dawa. Kwa sheria ya shule mgonjwa hatembei peke yake, na safu ya mwisho ni ya msindikizaji. Hapo palikuwa na jina la rafiki wa Kengele wa chanda na pete, yule waliyemwita Pacha.

Nesi alikumbuka sauti ya upole ya Pacha: "Nesi, naomba simu nimpigie mama." Alimpa bila kufikiri, kama anavyowapa wote, akageuka kunawa mikono. Sasa alifungua simu yake. Jumatano asubuhi hakuna aliyepigiwa. Kwenye picha zilizofutwa, shuka la mistari lilikuwepo.

Saa saba na nusu Pacha aliitwa. Kengele alikuwa ameketi kitandani, mkuu amesimama mlangoni.

"Jana mama yako alisemaje?" Nesi aliuliza.

"Alisema… atakuja kesho."

"Hukumpigia." Akamwonyesha simu. "Picha hii uliituma kwenye simu yako, ukaifuta hapa, ukaisambaza jioni."

"Mwaka jana mimi ndiye niliyeitwa Kikojozi," Pacha alisema. "Mwaka mzima. Nilikuja kwako mara kumi na moja, Nesi, ukanipa dawa ya kichwa. Juzi wakaanza tena. Nikajua wakipata mwingine wataniacha."

"Wakakuacha?"

"Jana nililala usingizi."

"Mimi sikuwahi kukucheka," Kengele alisema. "Hata siku moja."

Pacha akaangua kilio. Nesi alihesabu daftarini, na kweli zilikuwa mara kumi na moja. Aliona aibu hata akashindwa kumkemea.

Baba alifika saa nane kasoro dakika tano. "Twende nyumbani, mama."

"Ngoja, baba. Kengele ya saa nane haijapigwa."

Akavaa kofia, akaenda kuipiga. Baba alimsubiri uani, kisha akaondoka peke yake.

Pacha alisimamishwa wiki moja. Siku aliyorudi, saa tatu na nusu, alisimama mlangoni kwa Nesi ameshika kichwa.

"Nani amekusindikiza?"

"Wamekataa wote."

Nesi alichungulia nje. Madirisha ya darasa yalikuwa yamejaa nyuso, na Chifu alikuwa katikati, anacheka. Nyuso hizo zote alizijua. Kofia ya sufu haikuwepo dirishani. Ilikuwa inavuka uwanja mbiombio, inakuja huku. Nesi alishika kalamu, akaiacha safu ya msindikizaji wazi, akasubiri.