Magunia Mia na Ishirini na Nane

Kabla hakujapambazuka nilisikia kifuniko cha birika kikigongagonga. Winfrida, mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameshabandika chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Sikulala. Leo mjomba Kasiani anaagiza lori."

Zamani ushirika ndio ulioleta lori Mgeta. Siku hizi wakulima hujitafutia, na Kasiani ndiye huwaagizia la kupeleka kabichi Dar. Winfrida alikuwa amemtengenezea ukurasa wa kompyuta wa kujumlisha magunia, kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu anayojifunza kwa Mwalimu Irene kwenye kituo cha kompyuta.

"Nimeingiza magunia 12 ya mjomba na 8 ya mama Felista, ndiyo yote ya leo," alisema. "Imejibu 128. Na nilishamwambia mjomba iko tayari. Nikijumlisha kwa kalamu, hatajua."

"Leo hatajua. Msimu ujao je? Twende ukamwambie."

Tulimkuta Kasiani kituoni. Winfrida alimweleza macho yakiwa chini.

Kasiani akacheka. "Mia na ishirini na nane? Hata tukipakia na mawe ya Mgeta hayafiki."

Mwalimu Irene hakucheka. Alinivutia kiti kwanza, mimi niliyekuwa msindikizaji tu, kisha akamuuliza Kasiani, "Magunia yako yana alama gani?"

"Saba. Ya Felista ni nne."

"Yakikaa pamoja, unajumlisha saba na nne?"

"Nijumlishe za nini? Zile zinaonyesha mwenye mali."

"Kompyuta nayo iliona alama tu, ikazipanga pamoja. Winfrida, iulize aina."

Winfrida akaandika typeof mbele ya ile 12. Ikajibu string, yaani maandishi.

"Kila kinachoandikwa kwenye kisanduku huingia kama maandishi," alisema mwalimu. "Kigeuze kwa Number."

Akageuza, akauliza tena. Sasa ilijibu number, yaani namba, na jumla ikawa 20.

"Hapo lori dogo linatosha," alisema Kasiani. "Asante, Winfrida, kwa kuniwahi. Lile kubwa nisingelijaza."

Mwalimu akamshika Winfrida bega. "Kabla ya kujumlisha, jua umeshika kitu cha aina gani. Na ukikosea, sema mapema kama leo, kosa likiwa bado linarekebishika."

Nilimshukuru kwa asubuhi yake yote, maana hakutudai chochote. Alitusindikiza hadi barabarani.

"Jumamosi mje tena, bibi," alisema. "Wote wawili."