Sauti ya Dani Dorca Yawafikia Walio Nyuma

Seline aliuza samaki wa kukaanga sokoni Kisumu. Mumewe, Obiero, alipakia mizigo kwenye meli bandarini. Nyumbani kwao kulikuwa Dunga, kando ya ziwa. Waliishi na binti yao Aoko na mama yake Obiero, ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani bibi.

Zamani Dani Dorca aliongoza kwaya ya akina mama kanisani. Kisha akaugua koo. Alipopona, sauti yake ilibaki nyembamba kama uzi.

Siku wageni walipokuja kumposa Aoko, Dani alisimama ili aseme neno. Waliokaa karibu walimsikia. Waliokaa nyuma walidhani bado hajaanza, wakaendelea kuzungumza. Dani akaketi kabla hajamaliza.

Wageni walipoondoka, Aoko alimwendea baba yake.

"Baba, harusi yangu isiwe hivyo. Nataka kila mtu asikie baraka za Dani."

"Tutakodi kipaza sauti," Obiero akasema.

Ndugu yake, Oduor, alikuwa amekaa hapo. "Chukua kile kikubwa kuliko vyote," akashauri. "Mambo ya sauti ni ukubwa."

Jumamosi Obiero na Seline walikwenda mjini, kwenye duka la Hemant na mkewe Kusum. Hao walitengeneza redio na kukodisha vyombo vya sauti. Hemant alikuwa amesafiri, kwa hiyo Obiero akataka kurudi siku nyingine.

"Kaa, Bwana," Kusum alisema. "Hivi vyombo mimi ndiye ninayevijaribu kabla havijatoka dukani. Unataka nini?"

"Kile kikubwa, Mama."

"Kikubwa cha kazi gani? Watu watakaa ndani au nje?"

"Nje, uani. Jamaa wa pande zote mbili, na majirani."

"Muziki au maneno?"

"Maneno," Seline akajibu upesi. "Mama mkwe wangu ana sauti ndogo."

"Na umeme upo?"

Obiero akacheka. "Dunga? Sisi tunawasha taa za mafuta."

"Basi hicho kikubwa kingewaaibisha. Kinataka umeme wa ukutani. Mngekibeba mpaka nyumbani, kikakaa kimya kama jiwe."

Kusum akaweka mezani vyombo vingine, kimoja kimoja.

"Hii ni maikrofoni. Ndiyo sikio. Inasikia sauti ya bibi. Waya huu unapeleka sauti kwenye sanduku hili, amplifaya. Sanduku linaitia nguvu. Halafu sauti inatoka kwenye hii spika ya pembe. Ndiyo mdomo. Chakula cha vyote ni betri hii, kama ile ya gari. Waya mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye alama ya kutoa. Msiinamishe betri, maji yake yanaunguza."

Aliwasha sanduku, lakini halikutoa sauti.

"Limeharibika?" Obiero akauliza.

"Ngoja kidogo. Lina taa ndogo za kioo ndani, lazima zipate moto kwanza ndipo lifanye kazi."

Zilipopata moto, Kusum akaielekeza pembe kwenye maikrofoni. Mlio mkali ukatoka, mpaka Seline akaziba masikio. Kusum akageuza pembe upande wa mlangoni, na mlio ukakoma.

"Umeona, Mama? Mdomo ukilitazama sikio, sauti inatoka, inaingia tena, inazunguka tu. Pembe ikae mbele ya msemaji, juu ya mti, iwatazame watu. Maikrofoni ikae nyuma yake. Msiipige wala kuipuliza. Bibi aiweke karibu na mdomo, aseme polepole."

Seline alimwomba arudie, kisha akafunga nyaya mwenyewe mara mbili mbele yake.

Asubuhi ya harusi, walifunga pembe kwenye nguzo uani. Seline akasema maneno machache kwenye maikrofoni. Aoko, aliyekuwa amesimama mbali kwenye ua wa miti ya ojuok uliozunguka boma, akapunga mkono kuonyesha kwamba amesikia. Kisha wakazima.

Oduor akaja na gramafoni yake. Alitaka santuri zipigwe kwenye pembe mpaka watu watoke kanisani.

"Hapana, shemeji," Seline alisema. "Tukimaliza betri asubuhi, Dani atasimama bila kitu. Gramafoni yako ni ya kuzungusha kwa mkono. Ipige peke yake."

Oduor hakufurahi, lakini alifanya hivyo, na watu walicheza vizuri tu.

Baada ya chakula Seline aliwasha sanduku, na lilipopata moto Dani Dorca akainuka na kushika maikrofoni. Alipofungua mdomo, mlio ule mkali ukajaa uani. Watoto wakapiga kelele. Dani akarudi nyuma, akaanza kutafuta kiti chake.

Seline alitazama juu. Pembe ilikuwa imegeuzwa upande wa meza ya wazee, pale pale aliposimama Dani.

"Nimeigeuza mimi," Oduor akasema. "Nilitaka wazee wasikie vizuri."

"Wazee wako karibu, watasikia. Irudishe iwatazame watu."

Oduor akapanda, akairudisha. Seline akapunguza sauti kwenye sanduku, akamshika Dani mkono na kumwekea maikrofoni karibu na mdomo.

"Sema, Mama. Sasa iko sawa."

"Aoko," Dani alisema kwa ile sauti yake nyembamba.

Jina hilo lilitoka kwenye pembe, wazi, likafika mpaka nje ya ua. Watu wote wakanyamaza. Dani akashtuka, akaitazama pembe, kisha akatabasamu. Akawabariki mjukuu wake na bwana harusi. Akawaombea watoto na amani nyumbani. Aoko alilia bila kujificha.

Obiero akanyoosha mkono aichukue maikrofoni, lakini Dani hakuitoa.

"Bado," alisema. "Nyinyi mlio kule nyuma kwenye ua, nawaona. Mke wa jirani yetu Joram ana mimba na bado amesimama. Mpeni kiti."

Watu wakaangua kicheko, na viti vitatu vikaletwa mara moja.