Kioko Aliniambia Nisimame

Nina miaka arobaini na sita na sina mahali ninapoweza kupaita kwangu. Nilizaliwa Taita, nikamaliza kidato cha nne, kisha barabara ikanichukua. Nimeishi Mombasa, nimeishi Voi, nimelala miaka mitatu katika vyumba vya kukodi vya Mtito Andei nikiendesha malori ya watu. Siku moja nilipanda lori la saruji hadi Wote, nikadandia jingine hadi Tawa, nikamalizia na pikipiki mpaka Kikima, juu kabisa milimani Mbooni. Nilikuwa nimesikia kuna kazi ya kuendesha pikapu. Nilifika nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Mtu wa kwanza kunipa maji alikuwa Kioko, fundi wa panchari kando ya soko. Alicheka aliponiona. "Wewe umetoka kaburini ama Tsavo?" Kuanzia siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Akaniita Mtaita, na Kikima nzima ikaniita hivyo.

Ndugu wasomaji, mtu huyo alinifanyia mema ambayo hata ndugu zangu hawakunifanyia! Mkewe, Ndinda, alinipikia miaka minne. Watoto wao wawili waliniita mjomba. Nilipokuwa nikipeleka mizigo Kyuso, kule kaskazini mwa Kitui, nilimpenda Mwikali, muuza ndengu. Nikasema sasa natulia. Lakini ningeoaje bila wazee wa kunisindikiza? Kioko akaniambia, "Ukoo wangu ni wako. Tutakupelekea ntheo."

Ntheo ni wale mbuzi wa kwanza ambao Mkamba hupeleka kwa wakwe. Wasipofika, mke si wako bado. Tukanunua watatu. Pikapu ya tajiri wangu tukaazima, pamoja na trela lake dogo la kuvuta nyuma.

Trela hilo lilikuwa limechakaa. Mimi ndiye niliyetaka lipakwe rangi... mimi na kiburi changu! Sikutaka wakwe waone kutu. Jioni kabla ya safari nilipaka kila kitu bluu, hadi rimu za magurudumu. Kioko alipokuja kuyafunga alikasirika. "Bwana, rangi ni mbichi. Nati zinakaza rangi, hazikazi chuma. Ikikauka zitalegea." Alizikaza kwa nguvu zake zote, kisha akaniambia, tukiwa wawili tu, "Ukienda kilomita kumi, simama uzikaze tena. Mtaita, umenisikia? Kumi." Nikamwambia nimesikia.

Asubuhi watu walijaa uani. Mzee Nzioka, baba mdogo wa Kioko, alituambia tuweke mikono juu ya gari na trela. Aliomba karibu dakika ishirini. Aliombea injini, barabara, mbuzi na kila gurudumu. Tuliposema amina, nilichukua spana nikainama kuangalia nati kabla hatujaondoka. Kina mama wakaangua kicheko!

"Muoneni bwana harusi, anamkagua Mungu!"

"Si kwamba imani ni ndogo, ni wakwe wanamtetemesha!"

Mzee Nzioka hakucheka. Aliniangalia tu, kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Nikaona aibu. Nikairudisha spana chini ya kiti bila kugusa nati hata moja.

Mbuzi mmoja alikuwa anarukaruka, kwa hiyo Kioko akasema atakaa nao kwenye trela mpaka watulie. Tukaondoka. Mzee alikaa mbele nami, kina mama nyuma kwenye pikapu wakiimba.

Niliziona zile kilomita kumi zikifika. Nilikuwa nazihesabu! Mguu wangu ukagusa breki. Nikawaza vile vicheko, nikawaza jicho la mzee. Nikajiambia nitasimama Tawa, kama mtu anayekwenda kununua maji... Nikapita.

Kwenye mteremko kabla ya Tawa nilitazama kioo nikamwona Kioko amesimama kwenye trela, anapunga mikono yote miwili. Mama mmoja akapiga kelele kwa furaha, "Kioko ameanza kucheza!" Nami nikampigia honi mbili za kumjibu.

Gurudumu likatupita. Ndiyo, lilitupita! Gurudumu la bluu, peke yake, likikimbia mbele yetu barabarani. Kwa dakika ya kipumbavu nilijiuliza ni la nani. Kisha pikapu ikavutwa nyuma, na nyimbo zikawa mayowe.

Trela lilipinduka mara mbili. Tulimkuta Kioko chini yake. Alikuwa amekwisha kufa.

Polisi waliniuliza nani alifunga magurudumu. Nikasema Kioko. Wakauliza alisemaje. Nikasema... aliniambia yako sawa. Maneno matatu tu! Nani angenipinga? Niliyarudia matangani, nikayarudia kwa Mwikali, hadi nikakaribia kuyaamini.

Ndinda alikifungua kibanda cha panchari cha mumewe baada ya mazishi, akashika jeki mwenyewe. Hakuna mteja aliyekuja. Siku moja nilikuwa hotelini nakula chapati, dereva mmoja akamwelekezea Ndinda kidole kupitia dirishani. "Pale ndipo nati hukazwa kwa mate. Mwenyewe alijimaliza." Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka.

Nilicheka, ndugu zangu! Nikiwa na chakula mdomoni, nilimcheka mtu aliyenipa ukoo.

Chapati sikuimaliza. Nilikwenda kibandani nikamweleza Ndinda yote. Hakulia. Aliuliza, "Alikuambia kilomita ngapi?"

"Kumi."

"Na wewe ulienda ngapi?"

"Kama kumi na nane."

Akaniambia Jumapili niyaseme hayo kanisani, pamoja na kilomita zake. Niliyasema. Mzee Nzioka alifunika uso kwa kofia. Kisha nilikwenda polisi nikabadilisha maelezo. Mahakama ilinipa kazi ya kuhudumia jamii, nikafyeka nyasi kando ya barabara kwa miezi sita. Mwikali alinipigia simu mara moja tu. Aliuliza, "Kama Kioko ulimfanyia hivyo, mimi utanifanyia nini?"

Wewe unayesoma haya, kabla ya kuvuta trela zunguka kila gurudumu na spana mkononi. Ombeni, lakini kazeni pia. Ukiambiwa simama kilomita ya kumi, simama, hata gari zima likucheke! Na kama umeshindwa kusimama, tafadhali usimtwike marehemu kosa lako. Ana watu waliobaki nyuma wanaohitaji jina lake ili wapate kula.

Siku niliyoondoka Kikima ilikuwa ya soko. Nilipita kibandani na begi langu. Ndinda alikuwa amepiga magoti akijaza upepo tairi la pikapu. Nilimuuliza kama naweza kuja siku moja kuwaona watoto. Akaendelea kupampu. Nilipouliza mara ya pili, akasema bila kuinua kichwa, "Mtaita, wateja wananingoja."

Na kweli walikuwa wanangoja. Pikipiki mbili na lori.