Aliyeitika Mahali pa Javan

Sauti ya Awino iliingia kwenye kompyuta ikiwa ndogo, kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Imba kwa nguvu, mama," Ombati, mumewe, akasema. "Imba kama uko kanisani."

"Nimeimba mpaka koo inauma. Hiyo computer yako ndiyo haina masikio."

Ombati akafyonza. Digrii ya fizikia, miaka minne ya kusoma barua za kunyimwa kazi, *we regret to inform you*, na sasa mashine nayo inamregret! Mwaka huo wa 1999, soko zima la Rangwe lilikuwa na kompyuta mbili: ya ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, iliyovalishwa kitambaa kama bibi harusi asiyeguswa, na hii yake. Walirekodi nyimbo Jumamosi tu, kwa sababu Onsongo wa posho mill ya jirani, kinu cha kusaga unga, ni Msabato na siku hiyo hasagi. Siku nyingine mota yake ilinyonya stima mpaka balbu zikageuka nyekundu kama jicho la mlevi.

Akachungulia nyuma ya mashine. Pumbavu! Maikrofoni imechomekwa kwenye tundu la redio. Akaihamisha, akapandisha volume, sauti ikajaa. Ikabaki shida ya pili: Awino akiimba, sauti yake ilimrudia kwenye headphone ikiwa imechelewa, kama mtu anayemwiga nyuma ya mlango.

Lakini iliyomuuma Ombati hasa ni shida ya tatu, na hiyo ilikuwa na jina. Javan, mpiga gitaa wao. Katika wimbo, Awino anaita mara tatu, "Ni nani wangu?" na Javan anaitika, "Ni mimi, njoo." Jumamosi iliyopita Ombati alimwona mkewe akifumba macho pale kwenye "njoo". Na leo sponji ya maikrofoni ilinukia marashi ya waridi. Ombati hajipaki marashi. Hata sabuni yake ni ya kipande. Ndiyo maana asubuhi aliifuta sauti ya Javan kwenye kompyuta. Delete. Yes, yes.

"Umefuta Javan?" Awino akashtuka. "Sasa nani ataniitikia?"

"Si wimbo ni wako? Jiite, ujiitikie."

"Usicheze hivyo. Nyanya yangu alisema mtu haiti mara tatu akaachwa kimya. Yeyote anayesikia anaweza kuitika."

"Nyanya yako alikuwa na degree ya nini?"

Awino akaimba. Aliita mara tatu, na mara tatu chumba kikanyamaza. Ombati aliporudisha kusikiliza, chini ya ule mvumo wa mashine kulikuwa na kitu kinanong'ona.

"Jamaa hata akifutwa hatoki!" akasema, akapandisha volume mpaka mwisho amkamate.

*Ni mimi.*

Haikuwa sauti ya Javan. Javan huimba puani. Hii ilitoka chini, kama kisimani, na iliitika kwa kuchelewa kidogo. Harufu ya waridi ikajaa chumbani.

"Tena," Awino akasema, macho ameyafumba.

Ni mwangwi wa mashine tu, Ombati akajiambia, ni ile akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa. Akaipunguza nusu, Awino akaita, na sauti ile ikaitika papo hapo bila kuchelewa hata kidogo. Akaipunguza tena, na safari hii ikaitika kabla Awino hajafungua mdomo, kabla hajavuta pumzi, kana kwamba ilikuwa imeketi ndani ya kifua chake ikingoja swali lipande.

"Huyo ni nani anaimba part yangu?" Javan alikuwa amesimama mlangoni na gitaa lake, viatu vyote matope. "Ndio nafika kutoka Homa Bay."

Javan akaangalia uso wa Awino, akaweka gitaa chini polepole, akakimbia kumwita Mzee Hamud, muuza vitambaa aliyetoka Lamu.

Mzee alifika, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Jini mahaba," akanong'ona. "Ana wivu kuliko wewe, mwanangu. Amekaa akimtamani mkeo, na wewe umemwachia nafasi ya kuitika kama mume, ukampandishia na sauti."

"Nizime?"

"Zima uone."

Ombati akang'oa waya ukutani. Skrini ikafa. Awino, headphone masikioni, akaendelea kutikisa kichwa taratibu, akifuata mdundo ambao wengine hawakuusikia.

"Mkeo ataita tena mara tatu," Mzee akasema. "Mtangulie jini kuitika. Ukishindwa, sina dawa."

"Ni nani wangu?" Awino akaimba.

"Ni mimi!" Lakini kabla neno halijamtoka, Awino alikuwa ameshatabasamu.

"Ni nani wangu?"

"Ni mimi!" Amechelewa.

Mara ya tatu Ombati hakungoja. Alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akapiga kelele, ni mimi, Awino, ni mimi, mumeo, ni mimi, mpaka mate yakamruka na Javan akageuza uso kwa aibu.

Awino akafumbua macho. Alimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akauliza kwa adabu, na hakuwa anamwuliza yeye:

"Huyu anayepiga kelele ni nani?"

Akasikiliza jibu. Halafu akacheka, vile vile alivyokuwa akicheka na Ombati mwaka wao wa kwanza.